Mashine ya kupimia presha nyumbani: uzoefu wangu baada ya kustaafu

Kama umestaafu, una presha na nyumba yako iko mlimani kama yetu hapa Igogo, nakushauri ununue mashine ya kupimia nyumbani. Chukua ile inayofungwa juu ya kiwiko, na kabla hujatoa hela yako hakikisha mkanda wake unakutosha. Mimi natumia yangu kwa muda sasa, na naandika hapa kwa sababu wenzangu wengi wananiuliza na wauzaji hawawaelezi.

Mwanza mnaijua. Nyumba zimepandiana juu ya mawe, gari linaishia barabarani, kuanzia hapo ni ngazi na miguu yako. Hata Hospitali ya Bugando imejengwa juu ya kilima. Kliniki ninayohudhuria mimi iko kwingine, lakini kufika kwake ni kuteremka ngazi, kupanda daladala, kushuka na kupanda tena mteremko mwingine. Ukifika kuna foleni. Jina likiitwa unanyanyuka haraka usije ukarukwa, unakaa, mkanda unafungwa hapohapo juu ya mkono wa gauni huku unaulizwa dawa zako ziliisha lini. Namba inayotoka ndiyo inayoandikwa kwenye daftari, na kwa namba hiyo unaongezewa dawa.

Hicho ndicho kilichonisumbua. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka mingi, najua moyo uliotoka kupanda ngazi haupigi kama moyo uliotulia. Kila nikienda kliniki nilikuwa nakutwa na namba ya juu ya mia na sitini na zaidi. Dawa ikiongezwa, nikifika nyumbani nasikia kizunguzungu nikisimama. Kwa mtu wa umri wangu anayeishi kwenye ngazi za mawe, kizunguzungu ni nyonga iliyovunjika inayosubiri siku yake.

Mwanangu aliyeko Dodoma alinitumia kwanza mashine ndogo ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Ni nyepesi na inaingia kwenye pochi, lakini sikuipenda. Ukishusha mkono kidogo chini ya usawa wa moyo namba inapanda, ukiunyanyua inashuka. Mtu mwenye mikono inayotetemeka hawezi kuishikilia mahali pamoja. Hapo ndipo nilipokwenda mjini kununua ile ya juu ya kiwiko, shilingi 85,000, ambayo kwa pensheni si hela ndogo.

Sasa mkanda. Hili nataka nilieleze vizuri kwa sababu nina uchungu nalo. Mkanda unaokuja ndani ya boksi mara nyingi ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Nilipima wangu kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 36. Muuzaji aliniambia mkanda mmoja unatosha watu wote. Si kweli. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hulazimika kubana zaidi, na hutoa namba kubwa kuliko presha yako halisi. Akina mama wa rika langu wengi tuna mikono minene, kwa hiyo tunauziwa kitu ambacho kitatutisha kila asubuhi. Mkanda mkubwa haukuwepo dukani. Ilibidi uagizwe Dar es Salaam, ukaja kwa basi, nikalipia mkanda na kulipia mzigo. Baada ya kuufunga, namba zilishuka palepale, mkono uleule, saa ileile. Muuzaji anayeweza kujaza kabati zima mashine za rangi mbalimbali angeweza pia kuweka mikanda mikubwa na kumpima mteja mkono kabla ya kumuuzia.

Kijitabu cha maelekezo nacho kimejaa Kiingereza na Kichina, kwa herufi za kusomea na kioo. Kiswahili hakuna hata mstari. Nimefundisha kwa Kiingereza, hakinipi shida, lakini jirani yangu aliyemaliza darasa la saba na kulea watoto saba kwa dagaa wa mwalo wa Kirumba afanye nini? Yeye pia ana presha, na yeye pia alitoa hela.

Mashine yenyewe nimeridhika nayo. Kitufe cha kuanza ni kimoja, namba ni kubwa naziona bila miwani, na kumbukumbu imegawanywa kwa watu wawili, kwa hiyo vipimo vyangu havichanganyiki na vya mzee wangu. (Yeye alistaafu reli, ni mwembamba, mkanda wa kwenye boksi ndio wake.) Inatumia betri nne ndogo, umeme ukikatika haina habari. Ila betri za bei ya chini zinaisha upesi, na zikichoka mashine inagoma kabla mkanda haujajaa. Nunua nzuri.

Ni vema pia kujua inavyofanya kazi, kwa sababu ukijua hutaisumbua. Mkanda wa kujazwa hewa alibuni daktari wa Italia, Riva-Rocci, mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa Urusi, Korotkov, akaonyesha kwamba daktari anaweza kusikiliza mshipa kwa stethoskopu wakati hewa inapungua. Hizi za kidijitali hazisikilizi kitu. Zinahisi mtikisiko mdogo wa mshipa unaopita kwenye hewa ya mkanda. Ndiyo maana ukiongea, ukicheka au ukichezesha vidole, hesabu inaharibika. Na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huichanganya pia. Mashine nyingi zitakuonyesha alama yake maalumu kwenye kioo. Alama hiyo ikirudi mara kwa mara, mwambie daktari.

Utaratibu wangu ni huu. Asubuhi, kabla ya dawa na kabla ya chai, naenda msalani kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Nakaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, miguu yote miwili sakafuni, sikunji nne. Mkono naulaza mezani, usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi yenyewe wala si juu ya sweta. Napima, nasubiri dakika moja, napima tena, naandika zote mbili. Jioni hivyohivyo. Wiki moja kabla ya kliniki nafanya kila siku, siku ya kwanza siihesabu, zilizobaki natafuta wastani. Hapo katikati ya miezi sipimi kila saa. Kuna shoga yangu anapima kila akikumbuka, anaona namba, anaogopa, anapima tena imepanda kwa woga. Mashine haikuumbiwa kazi hiyo.

Wastani wangu ulitoka 131 juu ya 80. Nyumbani mpaka wanaotumia madaktari ni 135 juu ya 85, chini kidogo ya ule wa kliniki ambao ni 140 juu ya 90, kwa sababu mtu akiwa kwake ametulia. Nilipokwenda na daftari langu, daktari kijana mwenye adabu sana alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Akanipumzisha kwenye kiti, akanipima upya yeye mwenyewe kwa mkanda mkubwa, kisha akasema, "Mama, dawa hatuongezi. Endelea na hii hii." Aliniambia pia nije na mashine yangu, akailinganisha na ya kwao. Zilikaribiana. Nitairudisha kulinganishwa tena mwakani, na wewe fanya hivyo. Lakini kupunguza au kuacha dawa kwa sababu mashine yako imekupa namba nzuri, hapana. Namba imekuwa nzuri kwa sababu unameza dawa.

Kitu kingine ambacho daftari limenionyesha ni chumvi. Sisi wa ziwani tunapenda kayabo, sangara aliyekaushwa kwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Wiki tuliyokula kayabo mfululizo, namba zangu zilikuwa juu na za mzee wangu pia. Siku hizi naloweka usiku kucha, namwaga maji, napika bila kuongeza chumvi, au nanunua sangara mbichi.

Majirani wamejua kwamba mashine ipo. Wanakuja jioni wametoka kupanda ngazi na ndoo au mfuko wa sokoni: "Shikamoo Mwalimu, naomba unipime." "Marahaba. Kaa kwanza." Wengine hawapendi kusubiri, lakini simpimi mtu anayehema. Kuna waliogundua kwenye kiti changu kwamba wana presha, hawakuwa na habari, maana haiumi. Hao nawaelekeza kituo cha afya, siwapi dawa zangu. Na yeyote mwenye 180 juu ya 120 anayesikia maumivu ya kifua, anayeishiwa nguvu upande mmoja, au ambaye maneno yake yanakwama, tunamtafutia bodaboda au bajaji hapohapo bila kusubiri kipimo cha pili.

Anayetaka kununua: pima mkono wako nyumbani, katikati ya bega na kiwiko, andika hizo sentimita kwenye karatasi uende nayo. Mwambie muuzaji akufungie palepale na uone mkanda unafika bila kuvutwa. Kama wako ni mkubwa, uliza bei ya mashine na mkanda mkubwa kwa pamoja, na usilipe mpaka vyote viwili viwe mezani.