Boti ya muda wa saa moja Kisumu, nikitafuta mahali ndege zilitua majini: nyota tatu na nusu

Nilikuwa Kisumu kwa harusi ya binamu yangu, Jumapili asubuhi nikajikuta sina kazi, nikaenda ufuoni kutafuta boti. Watu wengi wanapanda hizo boti waone viboko halafu wakale samaki, mimi nilikuwa na yangu, nilitaka kukaa juu ya yale maji ya ghuba ambapo ndege za Imperial Airways, kampuni ya ndege ya Waingereza, zilikuwa zinatua zamani, zile zenye tumbo kama la meli. Nimesoma habari zake miaka na miaka na kumbe sijawahi kufika.

Bei kwanza kwa sababu najua mtauliza. Niliitishwa elfu tatu boti nzima, nikacheka, tukavutana tukaangukia elfu moja mia nane. Laifu jaketi ipo lakini yangu zipu ilishakufa, imefungwa na kipande cha uzi wa nyavu. Kiti ni ubao umewekewa sponji, na hiyo sponji ililala nje usiku kwa umande, sasa malizia mwenyewe hali ya suruali yangu.

Jamaa wa boti ni mchangamfu, hiyo sitamnyima. "Omera (ndugu yangu kwa Kijaluo) kaa hapa katikati, usitupindue." Nikamuuliza ndege za wazungu zilikuwa zinatua wapi, akanyoosha mkono upande wa bandari bila hata kufikiria. Tukirudi nikamuuliza tena, akaonyesha upande wa ufuo wa Dunga! Hapo nimekata nusu nyota.

Lakini kuna kitu alifanya ambacho mwenyewe hakujua amefanya. Katikati pale alizima injini, maji yalikuwa yametulia tuli kama mafuta kwa sufuria, upepo hakuna, na nikakumbuka kwamba maji ya aina hiyo ndio yalikuwa yanawasumbua marubani wa zile ndege. Tumbo la ndege linashikwa na maji laini, linakataa kubanduka, na kutua pia ni shida kwa sababu rubani haoni vizuri maji yanaanzia wapi. Dawa yake ilikuwa kutuma boti ndogo ipite pite mbele ikoroge maji. Nikamwambia jamaa azunguke kidogo tuone, akacheka akawasha, "unataka mawimbi, nikupe mawimbi," akapiga raundi tatu za nguvu na nikaona ile michirizi inafunguka nyuma yetu mpaka mbali. Hiyo dakika moja ililipa ile elfu na mia nane yote.

Sasa kuhusu raha ya kusafiri na hizo ndege, kwa sababu watu wakiona picha zake wanaisifu ni kama walipanda. Zile kubwa za 1937, Short Empire, zilikuwa na injini nne na mabawa mita 35 hivi, orofa mbili, na abiria mchana walikuwa 24 tu na mara nyingi hata hao hawafiki kwa sababu magunia ya barua yalikuwa yanakula nafasi. Kulikuwa na chumba cha kuvutia sigara, jiko dogo, na sehemu moja ambapo unasimama dirishani umeegemea reli ya mkono unaangalia chini, ndege iko chini chini kiasi unaona tembo wakikimbia. Usiku ndege hairuki, mnashukishwa mnalala hoteli, Khartoum au popote, asubuhi mnaendelea. Mimi juzi nikitoka Nairobi kwa ndege kuja hii harusi magoti yalikuwa kwa kidevu na nikapewa maji na njugu kumi na moja, nilizihesabu.

Ila usidanganyike sana. Makelele ya injini yalikuwa ya kuziba masikio, na ukiruka chini chini hivyo kwa joto la mchana unarushwa kama uko nyuma ya pikapu barabara ya murram, watu walitapika vizuri tu na suti zao. Na hiyo miaka ya mwanzo, kuanzia 1931, ndio kichekesho kabisa: unatoka London kwa ndege mpaka Paris, unapanda treni mpaka Brindisi huko Italia, halafu ndege ya maji mpaka Alexandria, treni tena mpaka Cairo, ndege ya nchi kavu mpaka Khartoum, halafu ndege ya maji mpaka hapa Kisumu na Mwanza. Siku kumi hivi! Hiyo mi naita matatu ya kubadilisha badilisha, ni vile tu makondakta walivaa kofia nzuri.

Bei nayo. 1932 walipofungua njia mpaka Cape Town, tiketi kutoka London ilikuwa pauni 130, ambayo kwa pesa ya hapa wakati huo ni shilingi 2,600. Kodi ya nyumba ambayo babu zetu walikuwa wanakimbizwa nayo na askari ilikuwa shilingi 12 kwa mwaka. Fanya hesabu uone nani alikuwa anaegemea ile reli na nani alikuwa chini kwa boti akikoroga maji na kushika kamba. Nikimwambia jamaa wangu hiyo akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hivyo hii kazi yangu ni ya zamani," akaongeza mwendo.

Kinachoniuma ni kwamba pale ufuoni sikuona hata kibao kimoja cha kusema ndege zilitua hapa. Naivasha pia walitua, BOAC (kampuni iliyorithi Imperial Airways) baada ya vita mpaka 1950, nimeweka hiyo kwa ratiba ya mwezi ujao.

Kama unaenda, enda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo uamke na kabla magugu maji yasukumwe yazibe njia, maana yakiziba mtakaa hapo mkikata na kasia. Beba mfuko wa plastiki wa kukalia. Na mwambie azime injini, yeye mwenyewe hatakumbuka.