Chanzo cha Umeme kwa Redio ya Ridhaa: Kipi Ununue Kwanza Ukiwa Dodoma

Anayeanza redio ya ridhaa, yaani kuzungumza na wenzake hewani kwa kujifurahisha na si kwa biashara, kwa kawaida hutenga fedha ya redio, kisha ya antena, halafu chanzo cha umeme hukinunua kwa chenji iliyobaki. Nami nilianza hivyo hivyo hapa Dodoma, na nilichokipata ni redio nzuri iliyojizima kila nilipobonyeza kitufe cha kurusha, na mvumo mtupu saa za jioni, wakati ambapo masafa ya megahezi 7 yanapaswa kujaa sauti za watu. Mwongozo huu unapanga vyanzo vya umeme tunavyoweza kuvipata huku kwetu, kuanzia ninachokipendekeza hadi ninachokikataa, na unamlenga mtu ambaye tayari ana leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na alama ya wito, yaani jina lake la hewani, inayoanza na 5H, au yumo njiani kuvipata.

Redio nyingi za mezani na za gari zimeundwa kutumia umeme mnyoofu (DC) wa volti 13.8, na watengenezaji wengi huruhusu tofauti ya asilimia 15 juu au chini, yaani kati ya volti 11.7 na volti 15.9 hivi. Redio ya wati 100 hula takriban ampea 1 inapopokea, lakini inaporusha kwa nguvu zote hufika ampea 20 hadi 23. Redio ndogo ya wati 5 hutosheka na ampea 2 au pungufu wakati wa kurusha. Pengo hilo kati ya kupokea na kurusha ndilo linaloumbua vyanzo vibovu, kwa sababu volti zinazoonekana wakati kifaa hakina mzigo hazikuambii lolote kuhusu zitakazobaki mzigo unapoingia.

Kwa hiyo nauliza maswali mawili tu kabla ya kununua: je, volti zinasimama mzigo unapoingia, na je, kifaa kiko kimya? Yote mawili unaweza kuyajibu ukiwa dukani, mbele ya muuzaji, kwa vitu vitatu vinavyoingia kwenye mfuko wa rambo. Cha kwanza ni mita ya kupimia umeme, ya bei ya kawaida. Cha pili ni balbu ya taa ya mbele ya gari, ile ya H4 yenye nyaya mbili ndani, moja ya wati 55 na nyingine ya wati 60. Ukiziwasha zote mbili kwa pamoja utapata mzigo wa karibu ampea 10. Pima volti bila balbu, unganisha balbu, hesabu nusu dakika, kisha pima tena. Pawa saplai nzuri, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa mnyoofu, haishuki zaidi ya volti 0.2. Betri ya maji iliyojaa itashuka kidogo, tuseme kutoka 12.7 hadi 12.2 hivi, na hilo halina tatizo. Ikianguka chini ya 11.5, iache hapo hapo. Balbu hiyo hupata moto mkali, hivyo ishike kwa kitambaa na usiiweke juu ya plastiki.

Kitu cha tatu ni redio ndogo ya betri kavu yenye masafa ya kati au mafupi. Iweke kwenye masafa yasiyo na stesheni, isogeze karibu na pawa saplai inayofanya kazi ikiwa na mzigo, na usikilize. Mvumo ukipanda ghafla kila unapokaribia na kushuka unapoondoka, basi mvumo huo ndio utakaokaa nao kila usiku. Wauzaji wengi hawajawahi kuona mtu akipima hivi, lakini ukiomba kwa adabu watakuruhusu.

Sasa nafasi zenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, yenye seli nne za volti 3.2, ambazo kwa pamoja ni volti 12.8. Sababu ya kwanza ni ukimya, kwani betri haina kitu ndani kinachowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo haitoi mvumo wowote. Sababu ya pili ni kwamba volti zake husimama karibu na 13 kwa muda mrefu na huanguka tu inapokaribia kwisha, tofauti na betri ya maji ambayo huteremka polepole tangu mwanzo. Sababu ya tatu ni umeme wetu: ukikatika katikati ya mazungumzo, wewe huna habari. Halafu kuna uzito. Betri ya ampea-saa 20, yaani inayoweza kutoa ampea 1 kwa saa 20, ina kilo 2 na nusu hivi, unaibeba begani hadi kwenye kilima chochote nje ya mji, huko Chamwino au Bahi, mbali na mivumo ya taa na chaja za majirani.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue redio ya wati 5 inayokula ampea 2 ikirusha na ampea 0.4 ikipokea, nawe unarusha robo ya muda. Kwa saa moja unatumia ampea-saa 0.5 kwa kurusha na 0.3 kwa kupokea, jumla 0.8. Betri ya ampea-saa 20 ukiitumia kwa asilimia 80 inakupa ampea-saa 16, yaani saa 20 za kazi. Paneli ya sola ya wati 100 hutoa karibu ampea 5 na nusu jua likiwa utosini, na kwa jua letu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, betri hiyo hujaa kabla siku haijaisha, ili mradi unaifuta paneli vumbi. Kumbuka tu kwamba kidhibiti cha chaji cha sola nacho huvuma, na chaja ya ukutani pia, kwa hiyo vichomoe unaposikiliza.

Hata hivyo, betri za lithiamu zina udanganyifu mwingi, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Jambo la kwanza la kufanya ni kuipima kwa mizani. Volti 12.8 mara ampea-saa 20 ni wati-saa 256, na kilo moja ya betri ya aina hii, pamoja na kasha lake, hubeba wati-saa 100 hadi 130 hivi. Boksi lililoandikwa 20 lakini lina kilo 1 haliwezi kuwa na 20 ndani, hata likiwa na nembo nzuri kiasi gani; mizani ya muuza mchele inatosha kabisa kukuonyesha ukweli. Jambo la pili ni kuuliza bodi ya ulinzi iliyomo ndani, ambayo mafundi huiita BMS, inaruhusu ampea ngapi mfululizo. Ikiwa ni 20, redio ya wati 100 itaizima katikati ya neno, na itakubidi upunguze nguvu hadi wati 50 au utafute bodi ya ampea 30 na zaidi. Jambo la tatu ni kuikataa betri ya seli tatu iliyoandikwa volti 11.1, kwa sababu hiyo ni lithiamu ya aina nyingine, ikijaa hufika 12.6 tu, na itakuwa imeshuka chini ya 11.7 kabla hujaitumia ipasavyo. Chaja nayo iwe ya LiFePO4 hasa, inayokomea volti 14.4 hadi 14.6.

Nafasi ya pili ni pawa saplai ya switchi, ile inayowasha na kuzima umeme ndani yake kwa kasi, iliyotengenezwa kwa ajili ya redio za mawasiliano, ya ampea 30. Hii ndiyo ningemshauri mtu aliyekwisha kununua redio ya wati 100 na ambaye hana mpango wa kutoka nyumbani. Iliyotengenezwa kwa ajili ya redio huwa na vichujio vya mvumo kwenye njia ya kuingia na ya kutoka, na faida yake kubwa kwetu ni kwamba nyingi huvumilia umeme unaoshuka. Kwenye mitaa iliyo mwisho wa laini, volti 230 za TANESCO hazibaki 230 saa za jioni. Soma lebo uone ampea 30 ni za mfululizo au za kilele, na kama ni za kilele, chukulia kwamba za mfululizo ni chache zaidi. Kabla ya kuchomeka, angalia nyuma au ubavuni kama kuna kitufe cha kuchagua 115 au 230. Kikiwa kwenye 115, kifaa kitalipuka sekunde hiyo hiyo.

Ya tatu ni pawa saplai ya zamani yenye transfoma kubwa. Kwa ukimya inashindana na betri, na fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza kwa sababu ndani mna transfoma, dayodi, kapasita na transista chache tu. Lakini ya ampea 20 ina kilo 8 hadi 12, kuisafirisha kutoka Kariakoo kwa basi kuna gharama yake, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto, na umeme wa ukutani ukishuka sana nayo hulegea, ukaanza kusikia ngurumo nzito ya hezi 100. Ukiipata iliyotumika, kagua kapasita kubwa. Iliyovimba kichwani au iliyovuja ibadilishwe kwanza.

Ya nne ni betri ya maji ya N70, pamoja na chaja yake. Inapatikana kila duka la betri na kwa mwenye bajeti ndogo inafanya kazi. Ila ni ya kuwashia gari, haikuumbwa kukamuliwa hadi chini, hivyo kati ya ampea-saa 70 utumie 35 tu. Joto na ukavu wa Dodoma huinywesha maji, kwa hiyo iangalie kila mwezi, na iweke penye hewa kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Iliyokaa dukani muda mrefu na kusoma chini ya volti 12.4 usiinunue. Betri kavu ya sola ni afadhali kidogo, kwa bei ya juu zaidi. Na kamwe usiunganishe redio moja kwa moja kwenye chaja bila betri, kwani chaja nyingi za bei nafuu hazidhibiti volti zake.

Nafasi ya mwisho ni ile pawa saplai ya kasha la bati lenye matundu, inayouzwa kwa ajili ya kamera za ulinzi na taa za LED. Nilinunua ya ampea 30. Kwenye megahezi 7, mshale wa redio unaoonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia ulisimama kwenye S8 bila mtu yeyote kuzungumza. Nilipohamia kwenye betri ukaanguka hadi S2. Kila hatua ya S ni desibeli 6, kwa hiyo tofauti hiyo ni mvumo wenye nguvu takriban mara 4,000. Stesheni nilizodhani hazipo zilikuwepo muda wote. Pawa saplai ya kompyuta naiweka hapo hapo, na simshauri anayeanza kuifungua, maana kapasita zake hushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Ukishachagua, usiharibu kazi kwa waya. Kanuni ya Ohm haina huruma: waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, ukienda mita 4 na kurudi mita 4, una ukinzani wa omu 0.055, na kwa ampea 20 unakula volti 1.1. Betri ya maji iliyokuwa na 12.2 inaifikia redio ikiwa na 11.1, na redio inajizima ingawa betri haina kosa. Waya wa milimita za mraba 6 kwa umbali huo huo hula chini ya volti 0.5, na ukiufupisha hadi mita moja na nusu tatizo linakwisha kabisa. Dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ndani ikionekana rangi ya fedha, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nawe utafute mwingine. Fyuzi ya ampea 25 ikae karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, si upande wa redio, kwa sababu waya ukichunika katikati na kugusana na mwenzake, betri hutoa mamia ya ampea, na kinachoweza kuuokoa waya huo ni fyuzi iliyo kati yake na betri.