Kozi ya Wanawake, Ujenzi wa Amani na Harakati za Kijamii: Tathmini ya Aliyeisoma

Nilijiandikisha katika kozi hii ya muhula mmoja nikihofia kwamba tungewasifu wanawake kwa upole wao na kuishia hapo. Wiki tatu za mwanzo hazikunitoa hofu, kwani tulilisoma Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalohusu wanawake, amani na usalama, lililopitishwa tarehe 31 Oktoba 2000, kifungu kwa kifungu, kana kwamba tunaandaliwa kuwa makarani wa baraza hilo.

Wiki ya nne ndiyo iliyoniridhisha. Somo lilikuwa Liberia ya mwaka 2003, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mhadhiri hakuanza na Tuzo ya Nobel ya Amani aliyoipata mwaka 2011 Leymah Gbowee, kiongozi wa wanawake waliodai vita hivyo vikome, bali alianza na uwanja wa karibu na soko la samaki jijini Monrovia, ambako wanawake Wakristo na Waislamu waliovaa nguo nyeupe walikaa siku nenda siku rudi, kwenye jua na mvua, msafara wa Rais Charles Taylor ukiwapita. Kisha akatuuliza nani alibaki na watoto nyumbani, na nauli ya kila asubuhi ilitoka wapi. Swali la nauli pekee lilitumaliza saa nzima.

Semina iliyofuata tuliigiza mazungumzo ya Accra, Ghana, ya kumaliza vita vya Liberia, pale wanawake hao walipoziba mlango wa ukumbi ili wajumbe wasitoke bila makubaliano. Mimi nilikuwa mjumbe wa waasi niliyetaka kwenda kula. Wenzangu wakaketi sakafuni, mikono wameshikana, na kwa kweli sikuona pa kukanyaga. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Gbowee, walinzi walipotaka kumkamata, alitishia kuvua nguo, na kwa nini tishio hilo liliwarudisha nyuma.

Kasoro ipo, na si ndogo. Akina mama wa Plaza de Mayo, walioanza kuandamana Buenos Aires, Argentina, mwaka 1977 wakidai watoto wao waliotoweka mikononi mwa utawala wa kijeshi, walipewa dakika ishirini, na muungano wa wanawake wa Ireland ya Kaskazini, ulioingia katika mazungumzo ya amani ya huko kwa kura za mwaka 1996 badala ya kukaa mlangoni, haukutajwa kabisa, ingawa ulinganisho huo ungewafaa sana wanafunzi.

Ningemshauri mwanafunzi wa siasa au sosholojia aichukue, mradi avumilie mwanzo wake. Mtihani wa mwisho ulitutaka tutaje nguzo nne za Azimio 1325. Nilizitaja zote, na kuhusu nauli sikuulizwa.