Duka la dawa la Kibuye lililokataa pesa yangu mara mbili

Ni duka dogo la dawa karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu iko hatua chache kutoka mlangoni pake. Mfamasia nampa nyota tano. Chumba chenyewe nakipa tatu, na sababu nitaisema.

Nina PCOS, ile hali ya homoni inayovuruga hedhi na kuotesha ndevu. Mimi na mume wangu tulitafuta mtoto miaka minne tukakata tamaa, ndipo nikaanza kumeza spironolaktoni ya ndevu pamoja na metformini ya miligramu 500, dawa ya sukari inayotumika pia kwa PCOS. Kwingine nilikokuwa nikinunua walinifungia vidonge kwenye karatasi ya kaki, wakaandika 1x2, basi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama naweza kushika mimba.

Huyu aliuliza. "Mama, hedhi ya mwisho uliiona lini?" Nikamwambia yangu haina kalenda. Akairudisha spironolaktoni kwenye rafu nikiona, akanipa kipimo cha mkojo. Mistari miwili! Nilikaa juu ya katoni pale pale nikalia, naye akaniacha nilie hadi nikamaliza.

Kisha akaeleza taratibu. Spironolaktoni huzuia homoni za kiume, na mtoto wa kiume tumboni anazihitaji ili viungo vyake vya uzazi viumbike sawasawa. Hiyo niiache leo. Metformini hakunikataza wala hakuniruhusu. Alisema hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, kwamba wako wanaoendelea nayo na wako wanaosimamishwa, na mwenye kuamua ni daktari aliyepima sukari yangu. Akaandika majina ya dawa zote na siku niliyomeza mara ya mwisho, nikaichomeka karatasi ndani ya kitabu cha kliniki. Daktari aliisoma yote. Akasema niendelee na metformini, akaniongezea asidi ya foliki, na wiki ya 26 nikanyweshwa glukosi kupimwa sukari.

Metformini juu ya kichefuchefu cha mimba ilinitesa sana. Mfamasia alichukua kalamu akachora sahani kwenye pakiti, na kidonge katikati ya sahani: meza ukiwa unakula, usimeze tumbo tupu. Nikawa nameza katikati ya ugali na omena, tumbo likatulia. Pakiti hiyo ninayo bado.

Baada ya kujifungua nilirudi na binti yangu mgongoni, nina hofu ya maziwa. Akanituliza kwamba metformini inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, chini ya asilimia 1 ya dozi ya mama kwa kulinganisha uzito. Ila mtoto akiwa njiti au ana shida ya figo, daktari aangalie kwanza. Nikaomba vidonge vyangu vya zamani vya kupanga uzazi. Akakataa tena! Vina homoni ya estrojeni, inaweza kupunguza maziwa, na yangu tayari yalikuwa yanatoka kwa kubembelezwa. Akanielekeza kliniki kwa vile vya homoni ya projestini pekee, visivyo na estrojeni.

Sasa chumba. Hakuna kona ya faragha, swali la hedhi lilisikika na foleni nzima, na wapo wanawake watakaodanganya kwa aibu. Nimemwambia nitamshonea pazia bure. Jumamosi naenda kupima mahali pa kulitundika.