Taa ya UVB kwa kobe: si kila nyumba ya Unguja inaihitaji

Taa hii niliinunua kwa ajili ya kobe niliyemchukua kwa jirani aliyekuwa anahama. Ni kobe wa bara, mwenye gamba la madoa meusi na manjano, na alilelewa jikoni, ghorofani Michenzani, kwa boflo na wali. Nilipombonyeza upande wa mkia, gamba likabonyea chini ya dole gumba kama kifuniko cha ndoo ya plastiki. Mdomo ulikuwa umerefuka na kujikunja. Ukimwekea jani analigusa tu, kulikata hawezi.

Daktari wa mifugo alimsugua mdomo kwa tupa ndogo, akasema mifupa imekosa kalsiamu. Kobe hutengeneza vitamini D3 pale mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inapompiga ngozini. Akiikosa, hata umlishe kalsiamu ya kutosha, mwili hauichukui ipasavyo. Jua la dirishani halimfai, maana kioo huizuia mionzi hiyo.

Basi nikaagiza taa Dar, ile ndefu ya tyubu, ikavushwa kwa boti. Pamoja na holda yake ilinitoka kama shilingi 90,000. Kwa siku za masika, wingu limetanda kutwa nzima, sina ubaya nayo: haiunguzi, na kobe akiwashiwa huinua shingo na kuanza kutembea. Niliifunga kama sentimita 30 juu ya mgongo wake, bila kioo wala plastiki katikati.

Kilichoniudhi ni muuzaji. Nilimuuliza inadumu muda gani, akanijibu, "Ikiwaka, inafanya kazi." Hapana jamani! UVB hupungua huku mwanga ukionekana vilevile, na tyubu nyingi zinatakiwa kubadilishwa kati ya miezi 6 na 12. Kwa hiyo zile 90,000 ni za mwanzo tu. Umeme ukikatika, nayo imelala.

Na ukweli ni kwamba kazi kubwa haikufanywa na taa. Nilimzungushia ua wa matofali uwani kwa mama, Bububu, akawa anaota jua la asubuhi, na upande mmoja nimemwekea kivuli cha makuti, kwa sababu kobe akikosa pa kukimbilia, joto humuua. Chakula ni ukoka na mchunga. Mchicha nampa kwa nadra, una oksalati zinazoizuia kalsiamu. Kalsiamu yenyewe ni kile kifupa cheupe cha dome kinachookotwa ufukweni: nakiosha, nakikausha, namkwangulia juu ya majani. Bure kabisa.

Gamba limekaza, ingawa lilikopinda halitanyooka tena. Nendeni kisiwa cha Changuu mkawatazame wale kobe wakubwa, ambao wa mwanzo waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Wanashinda nje juani, na sijaona taa hata moja pale.

Nyota tatu kati ya tano. Unaishi ghorofani, huna uwa wala roshani inayopigwa na jua? Nunua, na tarehe ya kuiwasha iandike kwa kalamu kwenye holda. Mwenye uwa aweke pesa yake akanunue matofali. Mimi tyubu hii ikichoka, nyingine sinunui.