Ushauri wa wakili Mtwara kuhusu rufaa baada ya kukiri kosa

Nililipa shilingi 50,000 katika ofisi moja ya mawakili iliyoko Mtwara mjini, nikitaka kumkatia rufaa mdogo wangu aliyetiwa hatiani baada ya kuingia makubaliano ya kukiri kosa na mwendesha mashtaka. Wakili hakunipa matumaini ya bure. Alinieleza kwamba, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, aliyekiri kosa kwa kawaida hawezi kupinga kutiwa hatiani kwa rufaa, bali ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Na kwamba utaratibu wa makubaliano, ulioingizwa mwaka 2019, unamruhusu mshtakiwa kurudi katika mahakama ileile iliyomhukumu kuomba hukumu itenguliwe, iwapo hakukiri kwa hiari yake au alipotoshwa. Mdogo wangu alisaini akiwa na akili timamu, kwa hiyo mlango huo nao ulikuwa mwembamba.

Kasoro ni kungoja saa tatu kwenye benchi, tena bila kupewa risiti hadi nilipoidai. Hata hivyo, wakili angeweza kunifungulia rufaa isiyo na miguu na kunitoza mara kumi, hakufanya hivyo. Ninampa nyota nne.