LibreTime studioni Kisumu: ngoma zinazokwama kwenye “Pending” na namna ya kuzikwamua

LibreTime, programu ya kupanga na kurusha matangazo ya redio, naipa nyota nne kati ya tano. Kwa stesheni ndogo ya jamii yenye kompyuta moja ya kurushia matangazo, na watangazaji wanaoleta ngoma kwa flashi na simu, sijapata programu ya bure inayoifikia. Ratiba unaipanga kwenye kivinjari, mtu aliye Ahero anapakia kipindi bila kufunga safari ya mjini, na jingo inaingia mahali pake kwa sekunde. Nyota ya tano imepotelea kwenye ukurasa wa kupakia faili. Wimbo unapanda hadi asilimia 100, unaandikwa “Pending”, na kesho asubuhi uko pale pale. Mtangazaji anaupakia tena, na tena, mpaka kunakuwa na nakala sita ambazo hakuna hata moja inayochezeka.

Ninayoizungumzia imesakinishwa moja kwa moja kwenye Ubuntu, bila Docker, kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani yenye RAM ya GB 4. Mradi huu ulichipuka mwaka 2017 kutoka Airtime ya Sourcefabric. Ukikutana na maelekezo ya zamani ya Airtime, mawazo yake mengi bado yanafaa, ila majina ya huduma na mahali pa usanidi yamebadilika. Usinakili amri zake kama zilivyo.

Kanuni ninayofanya nayo kazi ni hii: faili ikikwama kwenye “Pending”, usiihangaishe, kagua seva. Ikiandikwa “Failed”, iache seva, kagua faili. Kuna tofauti moja nitakayoitaja baadaye, lakini kanuni hii peke yake inaokoa saa nyingi, kwa sababu watu wengi hufanya kinyume chake: wanabadilisha wimbo kutoka MP3 kwenda WAV kurudi MP3, na kumbe foleni ya ujumbe imekufa tangu juzi.

Sababu iko kwenye safari yenyewe ya faili. Kivinjari kinaikabidhi nginx (seva ya wavuti), nginx inaipeleka kwa PHP, PHP inaiweka kwenye folda `/srv/libretime/organize`, inaandika safu katika jedwali `cc_files` la hifadhidata ya PostgreSQL ikiwa na `import_status` ya 1, kisha inatupa ujumbe kwenye foleni ya RabbitMQ, programu inayobeba ujumbe kati ya huduma. Huduma iitwayo `libretime-analyzer` inauokota ujumbe huo. Inasoma lebo za wimbo, inapima urefu, inatafuta ukimya mwanzoni na mwishoni, inapima kiwango cha sauti, inajaribu kama Liquidsoap, injini inayocheza sauti hewani, itaweza kuucheza, inauhamishia `/srv/libretime/imported`, na mwisho inapeleka ripoti kwa HTTP. Ripoti ikifika salama, 1 inakuwa 0. Ikifika na kosa, inakuwa 2, na hiyo ndiyo “Failed”. Isipofika kabisa, 1 inabaki 1. Kwa hiyo “Pending” haikuambii kwamba kazi inaendelea. Inakuambia tu kwamba hakuna jibu lililorudi.

Anza na amri hizi nne kwenye seva:

`sudo systemctl status libretime-analyzer rabbitmq-server`
`sudo journalctl -u libretime-analyzer -n 100`
`df -h`
`ls -l /srv/libretime/organize`

Ya mwisho ndiyo inayosema zaidi. Wimbo ukiwa bado umekaa `organize`, ujumbe haukuokotwa: tatizo ni RabbitMQ au analyzer. Wimbo ukiwa umeshahamia `imported` lakini ukurasa bado unasema “Pending”, uchambuzi ulikwisha na ripoti ndiyo iliyopotea njiani. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani.

Ugonjwa wa kwanza mara nyingi huanza na jambo dogo: mtu amebadilisha jina la kompyuta. Alisakinisha ikiwa `ubuntu`, baadaye akaiita `studio1` ili itambulike kwenye mtandao. RabbitMQ huhifadhi data yake kwa jina la mashine, kwa mfano `rabbit@ubuntu`. Jina likibadilika, inaamka na hifadhi mpya isiyo na kitu, haimjui mtumiaji wa LibreTime, na haina vhost yake, yaani sehemu iliyotengewa LibreTime ndani ya RabbitMQ. Huduma inaonyesha rangi ya kijani, iko hai kabisa, ila inamkatalia kila anayebisha hodi. Thibitisha kwa `sudo rabbitmqctl list_users` na `sudo rabbitmqctl list_vhosts`. Ukimkuta `guest` peke yake, umepata chanzo. Rudisha jina la zamani, au uunde upya:

`sudo rabbitmqctl add_vhost /libretime`
`sudo rabbitmqctl add_user libretime NENOSIRI`
`sudo rabbitmqctl set_permissions -p /libretime libretime ".*" ".*" ".*"`

Nenosiri liwe lile lile lililo chini ya `rabbitmq` katika `/etc/libretime/config.yml`, na jina la vhost pia ulihakiki humo humo. Kisha `sudo systemctl restart libretime.target`. Ushauri wangu: amua jina la mashine kabla hujasakinisha chochote, na usiliguse tena.

Ugonjwa wa pili, wa ripoti iliyopotea, ndio ninaouona zaidi katika stesheni zinazotumia ruta ya kampuni ya intaneti. Stima inakatika radi zikianza kupiga kutoka upande wa ziwa, ruta inazima, inawaka, na inaigawia seva anwani mpya. Jana ilikuwa 192.168.1.20, leo ni 192.168.1.34. Watangazaji wanaambiwa anwani mpya, ukurasa unafunguka vizuri, kila mtu anaona mambo yako sawa. Lakini `public_url` ndani ya `config.yml` bado ni ile ya jana, na analyzer inapeleka ripoti kwenye anwani isiyo na mtu. Linganisha `grep public_url /etc/libretime/config.yml` na `hostname -I`, kisha ukiwa kwenye seva yenyewe ujaribu `curl -I` ya anwani ile. Kusahihisha anwani na kuwasha upya kunatosha kwa leo. Tiba ya kudumu ni kuingia kwenye ruta na kuifungia seva anwani moja kwa kutumia namba ya MAC ya kadi yake ya mtandao.

Kama unatumia https, ongeza saa kwenye orodha ya watuhumiwa. Betri ndogo ya ubao mama, CR2032, ikiisha, kompyuta inaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Intaneti ikiwa haipo wakati huo, saa haijirekebishi, cheti kinaonekana bado hakijaanza kutumika, na ripoti inakataliwa. `timedatectl` itakuonyesha mara moja. Betri yenyewe ni ya bei ndogo na inauzwa kwa mafundi wa saa.

Nafasi ya diski nayo haina huruma. WAV ya stereo, 44.1 kHz na biti 16, inakula takriban MB 10 kwa dakika, yaani kama MB 635 kwa saa moja. Kipindi kile kile kwa MP3 ya kbps 192 ni kama MB 86. Stesheni inayorekodi ibada na mijadala kwa WAV inajaza diski bila mtu kugundua. RabbitMQ kwa kawaida huanza kuzuia ujumbe mpya nafasi ikishuka chini ya MB 50, kwa hiyo upakiaji unaganda ingawa faili unayoleta ni jingo ya sekunde 8.

Mwisho upande wa seva: ukiona kosa la 413 kabla hata ya “Pending”, nginx imeikataa faili kwa ukubwa. Mara nyingi si nginx ya LibreTime bali ile uliyoweka mbele yake kwa ajili ya https, ambayo usipoiambia kitu inakubali MB 1 tu. Weka `client_max_body_size` inayotosha hapo pia.

Faili zilizokwama kabla ya ukarabati mara nyingi hazijisogezi zenyewe. Zifute ukurasani, uzipakie upya.

Sasa “Failed”. Hapa LibreTime inafanya kazi yake vizuri, kwa sababu inakataa leo kitu ambacho kingeleta ukimya hewani kesho saa moja usiku. Ninachoilaumu ni kwamba ukurasa hausemi kwa nini imekataa. Itabidi uiulize faili mwenyewe kwa `ffprobe jina-la-faili`, amri inayoonyesha kilichomo ndani ya faili.

Tatizo la kila siku ni jina la uongo. Wimbo wa ohangla uliopakuliwa kwa simu unaitwa `.mp3`, lakini ffprobe inaonyesha `mov,mp4,m4a` na sauti ya AAC ndani, si MP3. Mtu alibadilisha herufi za mwisho za jina akidhani amebadilisha faili. Programu nyingine huamini jina, nyingine huamini kilichomo, na hapo ndipo matokeo yanapotofautiana. Ibadilishe kweli:

`ffmpeg -i "wimbo.mp3" -map 0:a -ar 44100 -ac 2 -b:a 192k "safi/wimbo.mp3"`

Folda `safi` uwe umeshaiunda kwanza. Hiyo `-map 0:a` inachukua sauti peke yake na kuacha picha ya jalada, ambayo kwenye miksi za matatu huwa kubwa ajabu. Alama za nukuu usiziache: majina yetu yamejaa “ng'”, na alama ya ' moja isiyo ndani ya nukuu inaivuruga amri nzima.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ule wa jina kama `PTT-20240311-WA0007.opus`, ni Opus ya mkondo mmoja. Matangazo ya vifo na ya harambee yanakuja hivyo siku hizi. LibreTime inaikubali Opus, lakini mimi huipitisha kwenye amri hiyo hiyo kwanza ili maktaba nzima iwe ya aina moja. Faili ya video ya WhatsApp usiipakie kamwe. Toa sauti yake kwanza.

Rekodi iliyokatwa na stima inahitaji uangalifu. Kama ni WAV, sauti ipo, ila kichwa cha faili hakikuandikwa urefu. Inaponyeka: `ffmpeg -ignore_length 1 -i mahojiano.wav -c copy mahojiano-safi.wav`. Kama ni M4A ya simu iliyozimika, ffprobe itasema `moov atom not found`. Maana yake faharasa ya faili, ambayo simu huiandika mwishoni kabisa, haipo. Kuna programu iitwayo untrunc inayojaribu kuijenga upya kwa kuiga rekodi nzima ya simu ile ile, lakini usiitegemee kwa mahojiano ambayo hayatarudiwa. Anayetoka kwenda kurekodi Siaya au Vihiga aweke simu kwenye WAV.

Ile tofauti niliyoiahidi ni lebo mbovu. Nyimbo kutoka tovuti fulani za kupakulia huja na lebo zilizojazwa matangazo ya tovuti, na mara nyingine baiti ya sifuri imejificha kati ya herufi. PostgreSQL haikubali baiti hiyo kwenye maandishi. Wimbo unachambuliwa vizuri, unahamishwa, kisha kuandikwa kwake kunaweza kugoma, ukabaki “Pending” ingawa seva ni nzima. Dalili yake ni kwamba wimbo mmoja unakwama huku zilizotangulia na zilizofuata zinapita. Ondoa lebo zote bila kugusa sauti: `ffmpeg -i mbovu.mp3 -map 0:a -map_metadata -1 -c copy safi.mp3`, halafu uandike jina na msanii ndani ya LibreTime.

Kuna jambo linalotokea hata wimbo ukiingia salama. Kipimo cha ukimya huweka alama za kuanzia na kumalizia. Kwa benga hakuna shida, gitaa linaingia kwa nguvu. Kwa rekodi ya nyatiti inayoanza kwa mkono mwepesi, au sala inayoanza kwa sauti ya chini, alama inaweza kuangukia baada ya mwanzo halisi, na hewani unasikia wimbo umekatwa kichwa. Fungua maelezo ya wimbo, rudisha alama ya kuanzia kwenye sifuri. Kwa nyimbo za asili nakagua kila moja, na ninaomba wengine wafanye hivyo. Hizo nota za mwanzo ndizo mzee wa kijijini anazozitambua.

Ukilinganisha na Rivendell, programu nyingine ya redio ambayo pia ni ya chanzo huria: amri yake ya `rdimport` inakujibu papo hapo kwenye terminali, na ukiongeza `--verbose` unaona kila faili ilivyopokelewa. Kwa kukwamua faili, Rivendell inashinda. Ila inadai mtu anayeijua Linux na mifumo yake ya sauti, JACK au ALSA, na stesheni nyingi za huku hazina mtu huyo kila siku. Ukiwa naye, chukua Rivendell. Ukiwa na watangazaji wa kujitolea na fundi anayepita mara moja kwa wiki, chukua LibreTime.

Kwa anayehamisha maktaba nzima kutoka diski ya nje, usiburute nyimbo 3,000 kwenye kivinjari. Zinakili kwenye seva, kisha:

`sudo -u libretime libretime-api bulk_import --path /srv/ngoma --track-type MUS`

Mtumiaji `libretime` awe na ruhusa ya kuzisoma faili hizo, na `MUS` iwe aina ya wimbo iliyopo kwenye mipangilio yako. Jaribu na 20 kwanza, huku dirisha jingine likiwa na `sudo journalctl -u libretime-analyzer -f`. Zikipita zote 20, achia zilizobaki usiku, vipindi vikiwa vya muziki mtupu, kwa sababu uchambuzi unakula prosesa na hutaki Liquidsoap inyimwe nafasi wakati taarifa ya habari iko hewani.